BETRI IKISHINDWA, MGONJWA ASIACHWE

Ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi hauchagui bara wala kisiwa. Mkulima wa Dongobesh, Wilaya ya Mbulu, na mvuvi wa Wete, Pemba, huanza kwa dalili zile zile: pumzi humkatika njiani, miguu humvimba, na usiku hawezi kulala ila kwa kuegemea mito. Wote wawili wana haki ile ile ya kutibiwa. Hivi sasa wataalamu wa dunia wanajadili njia mpya za kuwasaidia wagonjwa wa namna hii, hasa wale ambao betri ya moyo iliyozoeleka haikuwafaa. Wapo watakaosema kwamba huo ni mjadala wa matajiri. Sisi hatukubali. Tunasema kwamba mjadala huo unatuhusu, tena pengine unatuhusu kuliko wao, na wenye dhamana ya afya katika nchi yetu hawana budi kuufuatilia kwa makini.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Moyo wa binadamu hupiga kwa amri ya umeme wake wenyewe. Amri hiyo huzaliwa katika chumba cha juu cha kulia, hushuka kwa njia maalumu, kisha hugawanyika katika matawi mawili, la kulia na la kushoto, ili vyumba vya chini vikaze kwa pamoja na kuisukuma damu. Njia hiyo ikikatika, mapigo huwa machache mno. Mtu huzimia, na pengine hufa. Maradhi hayo ndiyo yaliyozaa betri ya moyo. Tarehe 8 Oktoba, 1958, huko Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walimwekea mgonjwa Arne Larsson betri ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa mtu. Betri ile haikudumu, lakini hawakumwacha. Walimbadilishia, wakambadilishia tena, naye akaishi hadi mwaka 2001, akiwa ametumia betri zaidi ya 20.

Lakini kwa wagonjwa wengi ambao moyo wao umetanuka na kulegea, tatizo si uchache wa mapigo. Tatizo ni kukosa umoja. Tawi la kushoto la njia ya umeme huziba, na upande wa kushoto wa moyo, ambao ndio wenye kazi kubwa ya kuisukuma damu mwilini, hukaza ukiwa umechelewa. Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Chombo ambacho wapiga makasia wa kulia huvuta mapema, na wa kushoto huvuta wamechelewa, hutumia nguvu nyingi na hakifiki. Kwa ajili hiyo, kuanzia mwaka 1994 madaktari wa Ufaransa walianza kuweka betri yenye waya wa ziada, unaopitishwa katika mshipa wa moyo hadi upande wa kushoto, ili pande zote mbili ziamrishwe kwa wakati mmoja. Betri hiyo ya nyaya tatu iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001. Utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka 2005, uliowahusu wagonjwa 813, ulionyesha kwamba inapunguza vifo kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na dawa peke yake. Hayo ni maendeleo makubwa na hapana wa kuyabeza.

Pamoja na hayo, takriban mgonjwa mmoja katika kila watatu waliowekewa betri hiyo haoni nafuu iliyotarajiwa. Huyo ndiye tunayemzungumzia leo. Ameuza ng'ombe au amekopa kwa ndugu, amesafiri, amepasuliwa, amerudi nyumbani, na pumzi bado inamkatika. Jirani watasema kwamba ajali yake imefika. Sisi tunasema kwamba kilichoshindwa ni kifaa, na mara nyingi sababu yake hupatikana ikitafutwa.

Sababu zenyewe zinajulikana. Pengine waya wa kushoto haukukaa mahali pake, kwa kuwa mishipa ya moyo haifanani baina ya mtu na mtu, na daktari hulazimika kuuweka pale mshipa ulipomruhusu. Pengine waya umeangukia penye kovu, na kovu halipokei amri. Pengine mapigo ya vyumba vya juu ni ya vurugu, hata betri ikawa inaongoza sehemu tu ya mapigo, ilhali inatakiwa iongoze karibu yote. Pengine mgonjwa hakuwa wa kuwekewa betri hiyo tangu mwanzo: utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa wale ambao njia yao ya umeme haikuziba, betri ya nyaya tatu haiwasaidii na huenda ikawadhuru. Na pengine, jambo ambalo ni la aibu zaidi, mgonjwa aliacha dawa kwa sababu dawa zilikwisha na hapakuwa na fedha za kununua nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kutamani mashine mpya, tiba ya kwanza ya mtu ambaye betri haikumfaa ni kumwita, kumpima upya na kutafuta sababu.

Ikiwa sababu ni mahali pa waya, ndipo njia mpya zinapoingia. Iliyotuvutia zaidi ni hii: badala ya kuupeleka waya juu ya moyo kwa kupitia mshipa, daktari huupeleka hadi kwenye njia ya asili ya umeme na kuirudishia kazi yake. Kuanzia mwaka 2000 madaktari wa Marekani walieleza namna ya kuweka waya kwenye shina la njia hiyo, kabla haijagawanyika. Shina hilo ni dogo, na kulipata ni kazi. Mwaka 2017, daktari Huang Weijian na wenzake wa Wenzhou, China, walieleza namna ya kuupenyeza waya katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini hadi ufike kwenye tawi la kushoto, ng'ambo ya pale palipoziba. Amri hupita tena katika njia yake ya zamani, na upande wa kushoto huacha kuchelewa.

Zipo njia nyingine. Mwezi Aprili 2025 Marekani iliidhinisha kifaa kidogo kama punje ya mchele, kisicho na waya, kinachowekwa ndani ya chumba cha kushoto na kuamrishwa kwa mawimbi ya sauti kutoka kwenye mtambo uliofukiwa chini ya ngozi ya ubavu. Kipo pia kifaa kilichoidhinishwa huko mwaka 2019, ambacho hakianzishi pigo bali huutia nguvu msuli wakati unapokaza. Hicho ni kwa wale ambao njia yao ya umeme haikuziba. Vifaa hivyo ni vya ajabu, lakini ni vya gharama kubwa, na kwa nchi yetu si vya kukimbilia leo.

Njia ya tawi la kushoto ni jambo jingine. Hiyo haihitaji betri ya nyaya tatu, ambayo ni ghali kwa mbali. Betri ya kawaida yatosha, ile ile ambayo hospitali zetu kubwa tayari zinaiweka, pamoja na waya mmoja unaofaa na mrija wa kuuongoza. Kinachobadilika ni mahali pa kuuweka waya, na mkono wa daktari unaojua mahali hapo. Kwa maneno mengine, kinachotakiwa zaidi ni ujuzi. Mashine ikiharibika hutungojesha vipuri kutoka ng'ambo. Ujuzi ukiingia katika mikono ya vijana wetu, huzaa ujuzi mwingine. Ndiyo maana tulisema kwamba mjadala huu unatuhusu kuliko matajiri. Wao wanatafuta nafuu iliyo bora zaidi. Sisi tunaweza kupata hapo nafuu ambayo vinginevyo tungeikosa kabisa.

Ipo sababu ya pili. Wengi wa wagonjwa wetu waliowekewa betri waliwekewa ile ya kawaida, kwa sababu mapigo yao yalikuwa machache. Waya wa betri hiyo, kwa mazoea ya miaka mingi, huwekwa upande wa kulia wa moyo. Sasa imethibitika kwamba kuuamrisha moyo kutoka upande huo, mchana na usiku kwa miaka, huweza kuudhoofisha moyo wa baadhi ya watu. Yaani kifaa kilichomwokoa mtu asizimie kinaweza baadaye kuchangia kumletea ugonjwa wa moyo kushindwa. Daktari anayejua kuufikisha waya kwenye njia ya asili tangu siku ya kwanza anaweza kumwepusha mgonjwa na safari ya pili.

Hata hivyo tusiwape watu matumaini yaliyopita kiasi. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2023, wa wagonjwa 1,778 wa nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba waliowekewa waya kwenye tawi la kushoto walifariki au kulazwa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache zaidi, asilimia 20.8, kuliko wale wa nyaya tatu, asilimia 28. Lakini uchambuzi huo ulitazama kumbukumbu za wagonjwa ambao madaktari wao walikwisha kuwachagulia njia. Utafiti mkubwa wa kuwagawa wagonjwa kwa kura ulianzishwa huko Marekani na Canada, nao utachukua miaka. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umekuwa wa busara: kwa wanaostahili, betri ya nyaya tatu ibaki kuwa ya kwanza, isipowezekana au isipofaa, njia ya tawi la kushoto itumike. Nasi tuushike msimamo huo.

Sasa tugeukie Mbulu, ambayo tumeitaja mwanzo kwa makusudi. Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, ziko juu ya kingo za Bonde la Ufa. Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe wanaishi huko, wengi wao mbali na barabara kuu. Yupo msomaji wa Unguja atakayeuliza: nyanda za baridi za Mbulu zinatuhusu nini sisi watu wa bahari? Jibu ni kwamba Mbulu ni kisiwa kama kisiwa chetu. Sisi tumezungukwa na maji, wao wamezungukwa na umbali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 huko Muhimbili, iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Haydom. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ina wataalamu wa moyo, na hilo limepunguza mwendo, lakini bado ni safari ya mtu mzima na afya yake. Mgonjwa ambaye hawezi kupanda kilima cha nyumbani kwake haiwezi kwa wepesi, kama vile mgonjwa wa Makangale hawezi kwa wepesi kuvuka bahari.

Asidhani mtu kwamba Mbulu ni mahali pa kupokea tu elimu iliyopikwa kwingine. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imekuwa kwa miaka mingi mahali pa utafiti unaoheshimiwa. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Tanzania na Norway, waliongoza mpango wa uzazi salama uliotekelezwa katika vituo 30 vya mikoa 5, Manyara ikiwamo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila watoto 1,000. Na siri yake ilikuwa nini? Vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto vilikuwapo, lakini jambo kuu lilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, yaliyofanyika kazini, kwa wakunga wale wale waliopo. Watu wa Mbulu wamekwisha kuionyesha dunia kwamba kifaa bila mkono uliozoezwa ni chuma tu. Somo hilo la mtoto mchanga ndilo tunaloliomba kwa mtu mzima.

Tunajua pia pengo lilivyo kubwa. Uchunguzi wa madaktari wa moyo wa Afrika uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu nchi 31, ulikuta kwamba uwekaji wa betri za moyo katika bara letu ni mdogo kuliko wa Ulaya kwa takriban mara 200. Katika hali hiyo, swali la mgonjwa ambaye betri haikumfaa haliwezi kutengwa na swali la yule ambaye hajaiona betri kabisa. Njia ni moja, na wote wawili wamekwama katika njia hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana, Bara na Visiwani, wayatazame mambo matano.

La kwanza ni kumtambua mgonjwa. Tawi lililoziba huonekana kwa kipimo cha umeme wa moyo, ambacho ni kipimo rahisi na huchukua dakika chache. Kila hospitali ya wilaya haina budi kuwa na mashine hiyo ikiwa nzima, ina karatasi, na yupo mtu wa kuisoma au wa kuituma picha yake kwa bingwa. Mashine iliyofungiwa kabatini haimtambui mtu.

La pili ni ujuzi. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, kutoka Jimbo la Jiangsu, na Bara tangu mwaka 1968, kutoka Shandong. Njia ya tawi la kushoto ilianzia nchini mwao. Basi katika mazungumzo yajayo tusiombe majengo na mashine peke yake. Tuombe walimu wa kazi hii, wakae na vijana wetu mpaka vijana waifanye kwa mikono yao wenyewe.

La tatu ni ununuzi. Kila kampuni ya betri ina mashine yake ya kuipima na kuirekebisha betri iliyo ndani ya mwili wa mgonjwa. Mashine ya kampuni moja haiongei na betri ya nyingine. Tukinunua na kupokea misaada ya kila namna, mgonjwa atarudi hospitali akute hakuna wa kuipima betri yake. Taifa lichague aina chache na lizisimamie. Aidha, utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki, ulionyesha mwaka 2024 kwamba betri zilizotumika, zikasafishwa na kukaguliwa ipasavyo, hazikuleta maambukizo zaidi kuliko mpya. Wizara zetu zilichunguze jambo hilo kwa uwazi, kwa kanuni madhubuti na kwa ridhaa ya mgonjwa.

La nne ni ufuatiliaji. Betri ya moyo ni ahadi ya miaka mingi: ipimwe, irekebishwe, na siku yake ya kubadilishwa ijulikane. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioanzishwa mwaka huo huo, vina nafasi ya kulitimiza hili. Kulipia siku ya kupasuliwa, kisha kutolipia dawa na vipimo vinavyofuata, ni kujenga nyumba na kuiacha bila paa. Na mabingwa waende walipo wagonjwa. Huduma ya tiba mkoba ya Taasisi ya Moyo imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Kliniki ya betri ifanyike kwa ratiba inayojulikana Haydom, na ifanyike Mkoani katika Hospitali ya Abdulla Mzee.

La tano ni kinga. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, ulikuta kwamba chanzo cha asilimia 45 kilikuwa shinikizo la damu, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Hao si vikongwe. Ni wazazi wenye watoto shuleni. Mwaka 1973 taifa letu liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Hakuna kinachotuzuia kulifanya shinikizo la damu kuwa somo la vikundi vya leo, msikitini, kanisani, mnadani na bandarini. Kila anayekingwa leo ni betri moja isiyohitajika kesho.

Tunajua jibu litakalotolewa: fedha ni chache na maradhi ni mengi. Ni kweli. Lakini katika mambo matano tuliyoyataja, mengi hudai utaratibu kuliko fedha. Kuchagua aina chache za betri hakuongezi gharama. Kupanga siku ya kliniki hakuongezi jengo. Kumfundisha daktari mmoja, naye afundishe wawili, ni uwekezaji ambao hata nchi maskini inaumudu.

Wale Waswidi wa mwaka 1958 hawakuwa na kifaa kizuri. Kifaa chao cha kwanza kilizimika upesi. Walichokuwa nacho ni nia ya kutomwacha mgonjwa wao. Nia hiyo haiagizwi kutoka ng'ambo wala haitozwi ushuru. Tunawataka maofisa wetu waioneshe kwa mkulima wa Mbulu, na kwa mvuvi wa Pemba, kwa kipimo kile kile.